Mgao wa Mandera: Miaka 55 ya Kuvutania Bajeti ya Kenya

Mwaka 1965, Tom Mboya akiwa waziri wa mipango, serikali ya Kenya ilichapisha Waraka wa Bunge Nambari 10. Humo iliamuliwa kwamba fedha za maendeleo zipelekwe kwanza penye rutuba, mvua, barabara na umeme, kisha faida iyainue maeneo mengine. Kwa nchi changa iliyotaka kukua haraka, hesabu hiyo ilieleweka. Lakini barabara na reli nyingi zilikuwa katika maeneo ya walowezi, hivyo bajeti ya uhuru ikaendelea kuwapa waliokwisha kupewa. Watu wa Mandera, Wajir na Turkana, kule kaskazini, wakaambiwa wasubiri.

Walisubiri sana. Kila Juni waziri wa fedha aliingia Bungeni na mkoba, wabunge wakajadili makadirio ambayo Hazina ilikuwa imeshayapanga. Mwaka 2003 ulianzishwa mfuko wa maendeleo ya maeneobunge, ila fungu lake lilikuwa dogo, asilimia 2.5 ya mapato ya kawaida.

Katiba ya 2010 ndiyo iliyogeuza mambo. Wananchi wakapewa haki ya kushirikishwa katika masuala ya fedha za umma, na kaunti 47 zikatengewa angalau asilimia 15 ya mapato ya taifa. Kiwango hicho hupimwa kwa hesabu za mwisho zilizokaguliwa na kupitishwa na Bunge la Taifa. Bunge likichelewa, kaunti hupimiwa mapato ya miaka iliyopita, na mara nyingi hayo huwa madogo.

Fomula ya kwanza ya kugawanya fedha hizo baina ya kaunti iliipa idadi ya watu asilimia 45 na umaskini 20. Mwaka 2020 fomula mpya ilipofika Seneti, moto ukawaka. Maseneta wa maeneo yenye watu wengi walidai “mtu mmoja, kura moja, shilingi moja”. Maseneta wa kaskazini na pwani wakaona kaunti zao zikipokonywa mabilioni. Vikao vikavunjika kimoja baada ya kingine, huku kaunti zikikosa fedha za kuendeshea hospitali.

Naamini wa kaskazini walikuwa na haki. Kumpelekea dawa mgonjwa anayeishi mbali na lami kunagharimu zaidi, na umbali huo ulitokana na bajeti zilizopita.

Muafaka ulipatikana Septemba, baada ya kukubaliwa kwamba mgao wa kaunti zote uongezwe kutoka shilingi bilioni 316.5 hadi 370, ili pasiwe na kaunti itakayopunguziwa.