Vitoto vya samaki: vinatoka wapi, na juu ya nini vingine havikomai

Anayefika mara ya kwanza kwenye kituo cha kuzalisha samaki anatazamia kuona samaki wakubwa. Anaonyeshwa mabeseni, vyandarua vilivyofungwa ndani ya kiziwa, na vitoto vyembamba sawa sindano. Hizo njo alevini, mbegu ambayo mfugaji anapanda katika kiziwa chake.

Tilapia haombi msaada ili azae. Dume anachimba shimo chini ya maji, jike anataga mle, kiisha anayabeba mayai mdomoni. Yanapasuka humo humo kisha siku chache, na hata vitoto vikianza kuogelea, vikiona hatari vinarudi mbio mdomoni mwa mama. Muda huo mama karibu hakuli kitu.

Shida ni kwamba anazaa mno. Jike wa miezi mitatu ao mine, mwenye gramu 30 ao 50 tu, tayari ni mama. Kiziwa kinajaa, chakula kinagawanyika, na familia iliyongojea mwaka mzima inavua samaki wa ukubwa wa kidole. Wengi wanalaumu maji, ao jirani mwenye wivu! Mara nyingi ni wingi tu. Njo maana vituo vingine vinauza madume peke yake, juu wanakomaa haraka kuliko majike. Wanachaguliwa kwa mkono: chini ya tumbo dume ana matundu mawili, jike matatu. Vingine vinachanganya homoni katika chakula cha vitoto kwa majuma matatu ao mane ya kwanza.

Kambale ni habari nyingine. Jike anapigwa sindano, mayai yanakamuliwa kesho yake, na dume anapasuliwa ili kutoa mbegu yake. Maji yakiwa na joto la digri 28, mayai yanapasuka kisha siku moja hivi. Kambale wadogo wanakulana, lazima kuwatenga kila mara kwa ukubwa.

Baridi nayo inahesabika. Kule Uvira ao Kalemie tilapia anakomaa vizuri; milimani Lubero anachelewa sana, na chini ya digri 20 hazai.

Mnunuzi aulize umri wa alevini, asafiri asubuhi kungali baridi. Akifika, asimwage mara moja: mfuko uelee juu ya maji dakika 15 ao 20, kiisha aingize maji ya kiziwa polepole, mpaka vitoto vitoke vyenyewe.