Kupwita kwa kanieneo

Kitu ninachokitafutia jina, Kiingereza hukiita “spouted bed”, na mfasiri mwenye haraka ataandika kitanda. Neno hilo halimwonyeshi msomaji chochote. Kinachozungumziwa ni lundo la punje ndani ya silinda yenye kitako cha koni, likisukumiwa hewa kutoka tundu moja la chini. Hewa ikipata nguvu hutoboa njia katikati ya lundo, ikarusha punje juu zikamwagika kama chemchemi; kisha punje hushuka polepole kando ya ukuta, na chini hunyakuliwa tena. Mathur na Gishler walieleza mbinu hii mwaka 1955, wakiwa katika Baraza la Taifa la Utafiti la Kanada. Walitaka kukausha ngano, ambayo punje zake ni kubwa mno: ukipulizia lundo zima, hewa hupita kwa mapovu makubwa na kukausha vibaya.

Napendekeza lundo linalofoka. Kububujika ni kwa upole mno, na mfoko ungesomwa mfuko.

Neno kanieneo tunalo tayari katika vitabu vya fizikia: kani juu ya eneo, jina lililobeba maana yake. Shida ni jina la kile kinachoipata kanieneo ndani ya lundo hili. “Mabadiliko ya kanieneo” hayatoshi, kwa sababu kanieneo hubadilika pia unapofungulia hewa taratibu: hupanda hadi kilele, kisha huanguka ghafla njia inapotoboka. Mtafiti anataka kitu kingine, ule mtikisiko mdogo unaozunguka wastani mara kadhaa kwa sekunde. Huko ni kupwita. Moyo hupwita, jipu hupwita, na kanieneo nayo hupwita.

Neno hili linafaa hata kwa kazi yenyewe. Ukuta wa chuma hauonyeshi kilichomo, kama kifua kisivyoonyesha moyo, hivyo kipimo hubandikwa ukutani kusikiliza. Lundo lililotulia karibu halipwiti kabisa. Likifoka sawasawa, mapigo ni madogo na yana mwendo mmoja unaotawala. Hewa ikikusanyika kuwa donge linaloziba upana wote na kuinua punje kama pistoni, mapigo huwa makubwa na ya taratibu. Wastani wa kanieneo pekee unaweza kuzichanganya hali hizi. Ukubwa wa mapigo na marudio yake ndiyo huzitenganisha.

Nimeandika “hali”, maana kuna wanaotafsiri “flow regime” ya Kiingereza kuwa “utawala wa mtiririko”. Punje hazitawaliwi na serikali. Hali ya mtiririko inatosha, na ile ya mwisho niiite hali ya donge.