Konokono na Chimbuko la Akwariamu

Akwariamu, yaani tangi la kioo ambamo viumbe wa majini huishi kwa kutegemeana bila maji kubadilishwa kila siku, husimuliwa zaidi kama historia ya samaki na mimea. Lakini maandishi ya waasisi wake katika London ya karne ya 19 yanaonyesha kwamba jaribio lao maarufu lilikwama mpaka alipoongezwa mnyama wa tatu, ambaye hakuna aliyemtafuta kwa uzuri wake, naye ni konokono.

Jaribio hilo lilikuwa la Robert Warington, mkemia aliyehudumu katika jumba la chama cha watengeneza dawa cha London, na matokeo yake yalisomwa mbele ya wanakemia wenzake mwaka 1850. Katika chombo cha kioo chenye ujazo wa galoni 12 hivi, ambazo ni takriban lita 54, aliweka samaki wa dhahabu wawili na mmea wa majini uitwao Vallisneria, akitegemea kanuni iliyokuwa ikijulikana tayari kwamba mmea ukipata mwanga hutoa oksijeni anayoihitaji mnyama, na mnyama naye hutoa kaboni dioksidi inayohitajiwa na mmea. Kwa muda hesabu ilikwenda sawa, kisha majani yaliyozeeka yakaanza kuoza, utelezi wa kijani ukatanda juu ya kioo na maji yakachafuka, kwa kuwa kanuni ile ilieleza vizuri habari za hewa lakini haikusema neno kuhusu taka. Warington alitia konokono wachache wa madimbwini, wa aina ya Limnaea stagnalis, wakala utando na majani mabovu, maji yakatakata, na mayai yao yakawa chakula cha samaki. Uwiano uliotangazwa kuwa wa pande mbili ulikuwa, kwa kweli, wa pande tatu.

Upande wa maji ya chumvi, Anna Thynne alikuwa ameleta matumbawe hai kutoka Torquay hadi London tangu 1846, akiyahuisha maji kwa kuyamimina kutoka chombo kimoja hadi kingine karibu na dirisha, kazi ambayo kwa sehemu kubwa ilifanywa na mtumishi wake wa nyumbani, ambaye historia haikujali kumkumbuka. Warington alipogeukia bahari mwaka 1852 alichagua mwani wa kijani na, badala ya konokono wa madimbwini, akatumia konokono wadogo wa Littorina wanaojaa kwenye mawe ya fukwe za Uingereza. Hapa inafaa kutahadharisha kwamba neno mwani, ambalo kwa msomaji wa pwani huleta picha ya zao linalofungwa kwenye kamba katika maji mafupi ya Unguja, lina maana pana zaidi: linajumuisha pia vijimea vidogo mno vinavyofunika kioo na miamba kama vumbi la kijani au la kahawia, na hicho ndicho chakula cha konokono anayezungumziwa.

Mwanazuoni wa viumbe Philip Henry Gosse, aliyelieneza jina akwariamu katika kitabu chake cha 1854, alimtazama konokono kwa lenzi akaona jinsi anavyofanya kazi. Mnyama huyu ana radula, yaani utepe mfano wa ulimi uliopangwa safu za meno madogo sana, ambao huutoa na kuurudisha huku akikwangua, akiacha nyuma yake alama za mipinde kama shamba la majani lililopitiwa na fyekeo. Ni maelezo ambayo hadi leo hayajapata mshindani, kwa kuwa yeyote mwenye tangi anaweza kuyathibitisha juu ya kioo chake asubuhi.

Kufutwa kwa kodi ya vioo mwaka 1845 kulikuwa kumeshusha gharama, na matangi yakawa mtindo wa sebule za Waingereza, hata mabwawa ya miambani ya Devon yakakwanguliwa viumbe wake, jambo ambalo Edmund Gosse, mwana wa Philip, alilisikitikia waziwazi mwaka 1907. Mtindo ulififia upesi.

Fikra ya uwiano ilirudi kwa nguvu mwaka 1961, pale Lee Chin Eng wa Jakarta alipoeleza namna ya kufuga viumbe wa miamba ya tropiki kwa kutumia mawe hai, yaani vipande vya mwamba vilivyojaa bakteria na wanyama wadogo. Taa kali za matumbawe, pamoja na fosfeti na naitreti zitokazo kwenye chakula cha samaki, ziliustawisha mwani kuliko ilivyopata kuonekana sebuleni London, na suala la konokono gani awekwe likawa zito zaidi. Littorina wa Warington, mzoefu wa bahari baridi, hafai katika maji ya nyuzi 25, wala hafai Margarites wa maji baridi ya Pasifiki, ambaye hata hivyo huuzwa kwa wasiojua asili yake. Nassarius hustahimili joto lakini hula mizoga, si mwani. Astraea wa Karibi hula vizuri, ila akipinduka mchangani mara nyingi hushindwa kujigeuza na hufa hapo hapo. Turbo mkubwa wa Ghuba ya California hulisafisha tangi kwa kasi, huangusha matumbawe apitapo, kisha hufa njaa mwani unapokwisha. Kwa tangi dogo lenye ujazo kama ule wa Warington, Trochus wawili au watatu, jamaa ya konokono wanaopatikana pia katika miamba ya Bahari ya Hindi, wanatosha: hujigeuza wenyewe wakianguka, na mara nyingine huzaana humo humo tangini.