Jasho lilivyopata hesabu: safari ya kalori kutoka Paris hadi Ziwa Eyasi

Katika majira ya baridi ya 1782 kuingia 1783, jijini Paris, simbilisi mmoja alifungiwa ndani ya chombo kilichozungushiwa barafu. Hakulazimishwa kufanya lolote. Alikaa, akapumua, joto lake likayeyusha barafu, na maji yakachuruzika chini yalikokingwa. Mkemia Antoine Lavoisier na mwanahisabati Pierre-Simon Laplace wakayapima maji hayo. Kisha wakalinganisha joto la mnyama huyo na joto la makaa yanayoungua mpaka kutoa hewa ukaa ya kiasi kilekile. Hesabu mbili zilikaribiana, nao wakahitimisha kwamba kupumua ni kuungua, ila kwa polepole na bila mwali.

Namba ya kalori unayoisoma leo kwenye saa ya mkononi au kwenye mashine ya jimu imetokana na hitimisho hilo. Katika miaka zaidi ya 200 iliyofuata, wataalamu walihangaika na jambo moja: namna ya kumtoa mtu ndani ya sanduku huku wakiendelea kumpima. Kila walipomwachia nafasi zaidi ya kutembea na kukimbia, walilazimika kukisia zaidi.

Lavoisier mwenyewe ndiye aliyeanza kupima binadamu. Karibu na 1790, msaidizi wake Armand Seguin alivaa kifaa cha kupumulia usoni akapimwa oksijeni, kwanza akiwa ametulia, kisha akifanya kazi kwa mguu. Marie-Anne Lavoisier, mke wa mkemia, alilichora tukio hilo, naye mwenyewe yumo pembeni mwa mchoro, ameketi mezani akiandika vipimo. Ilionekana kwamba mtu anayefanya kazi hutumia oksijeni zaidi ya maradufu ya anayepumzika. Lavoisier akaona papo hapo tatizo la kijamii: kibarua anaunguza mwili wake kuliko tajiri asiyetoka kitini, lakini mwenye chakula tele ni tajiri. Hakupata muda wa kulifuatilia. Mei 1794, wakati wa Mapinduzi ya Ufaransa, alikatwa kichwa.

Miaka mia moja baadaye, kazi hiyo ilihamia Middletown, Connecticut, nchini Marekani. Katika Chuo Kikuu cha Wesleyan, Wilbur Atwater na mwanafizikia Edward Rosa walijenga chumba cha shaba na zinki chenye urefu wa kama mita 2.1, upana wa mita 1.2, na kimo cha kumtosha mtu kusimama. Mtu aliingia, mlango ukazibwa, akaishi humo siku kadhaa. Chakula kilipitishwa kwenye kidirisha na kila kilichoingia na kutoka kikapimwa. Maji yaliyopita kwenye mabomba ya ndani yalibeba joto la mwili, na hewa aliyoivuta na kuitoa ilichunguzwa. Siku nyingine alipanda baiskeli isiyokwenda popote akapiga pedali kwa saa nyingi.

Matokeo yalikuwa safi ajabu: nishati iliyoingia kwa njia ya chakula na ile iliyotoka zilitofautiana kwa chini ya asilimia moja. Namba zilizoandikwa kwenye pakiti za vyakula, yaani kalori 4 kwa gramu ya wanga au protini na 9 kwa gramu ya mafuta, ni urithi wa Atwater. Mrithi wake, Francis Benedict, aliendeleza vipimo vya baiskeli huko Boston, na ikadhihirika kwamba sehemu takriban robo tu ya nishati ndiyo inayosukuma pedali. Iliyobaki yote inakuwa joto, ndiyo maana mwendesha baiskeli anatokwa jasho.

Lakini hakuna anayeishi chumbani. Mwaka 1911 Claude Douglas wa Oxford alitengeneza mfuko wa kubeba mgongoni. Mtu alibanwa pua, akavuta hewa ya nje kupitia kinywani, na alichokitoa kikaingia mfukoni. Baada ya dakika kadhaa mfuko ulifungwa, hewa ikapimwa wingi na kuchunguzwa imepungukiwa oksijeni kiasi gani. Kwa kuwa kila lita ya oksijeni inayotumika huwakilisha takriban kalori 5, kilichobaki kilikuwa kuzidisha tu. Joto halikupimwa tena moja kwa moja. Lilikisiwa kutokana na pumzi.

Kwa kifaa cha mgongoni cha aina hiyo, chepesi zaidi, watafiti walishuka na wachimbaji wa makaa ya mawe huko Fife, Scotland, mwaka 1952. Waligundua kwamba mchimbaji alitumia kama kalori 3,660 kwa siku, na karani wa ofisini 2,800. Vipimo kama hivyo, vya kufagia, kupasua kuni, kukimbia na kuogelea, vilirundikana hadi 1993, Barbara Ainsworth na wenzake walipovikusanya katika jedwali moja. Kipimo chao ni MET: 1 ni kukaa kimya, na kutembea kwa mwendo wa wastani ni kama 3.5. Ukizidisha kwa kilo zako na saa ulizotembea, unapata kalori. Mtu wa kilo 70 akitembea saa moja anapata 245. Asichoambiwa ni kwamba 70 kati ya hizo angezitumia hata angebaki kwenye kochi. Mazoezi yenyewe yamemletea 175.

Hata hiyo 1 ya kukaa kimya ina kasoro. Utafiti wa 2005 uliopima watu 769 ulionyesha kwamba kiwango kinachotumika kama msingi kinazidi hali halisi ya watu wengi kwa takriban theluthi.

Afrika Mashariki nayo imeyatikisa majedwali haya mara mbili. Mwaka 1986 jarida la Nature lilichapisha utafiti wa Geoffrey Maloiy wa Nairobi na wenzake kutoka ng'ambo. Waliwapima pumzi wanawake wa Kijaluo waliobeba mizigo kichwani na wa Kikuyu waliobeba mgongoni kwa ukanda uliopita kwenye paji la uso. Mzigo ulipofika asilimia 20 ya uzito wa mwili, matumizi yao ya oksijeni hayakuongezeka hata kidogo, ilhali kwa kanuni za vitabuni yangepaswa kupanda. Miaka 9 baadaye ilibainika kuwa mwendo wao, waliouzoea tangu utotoni, hutumia vizuri zaidi nguvu ya mwili unaopanda na kushuka kila hatua.

Mara ya pili ilikuwa kwa Wahadzabe, jamii ya wawindaji na warina asali, kando ya Ziwa Eyasi, Tanzania. Herman Pontzer na wenzake walitumia mbinu isiyohitaji sanduku wala mfuko. Mtu anakunywa maji yenye hidrojeni na oksijeni nzito, kisha mkojo wake unachunguzwa kwa siku kadhaa. Hidrojeni hutoka kama maji tu, oksijeni hutoka kama maji na kama hewa ukaa. Tofauti yao inaonyesha ni kiasi gani kimeungua. Nathan Lifson aliijaribu kwa panya mwaka 1955, lakini gharama iliizuia kutumika kwa binadamu hadi 1982.

Matokeo ya 2012 yalishangaza wengi. Mwanamume wa Kihadzabe hutembea wastani wa kilomita 11 kwa siku akiwinda na kurina asali, lakini ukizingatia ukubwa wa mwili, kalori anazotumia kwa siku zinalingana na za watu wa mijini Marekani. Pontzer anaeleza kwamba mwili uliozoea kazi hubana matumizi kwingine. Wapo wanaompinga, na mjadala unaendelea.

Saa ya mkononi haipimi pumzi wala mkojo. Inasoma mapigo ya moyo na mtikisiko wa mkono, kisha inakisia kwa umri, uzito na jinsia uliyoiandikia. Lakini moyo hupiga haraka pia kwa joto la Dar es Salaam, kwa kahawa na kwa hofu. Watafiti wa Stanford walipojaribu saa 7 kwa watu 60 mwaka 2017, sita zilisoma mapigo vizuri, lakini kwenye kalori hata iliyo bora ilikosea kwa wastani wa asilimia 27, na ya mwisho kwa 93.

Namba hiyo basi ina matumizi yake: kulinganisha Jumatatu yako na Alhamisi yako, kwa saa ileile na njia ileile. Ikitumika kuamua kama umestahili sahani ya pili ya wali, inakuwa imepewa kazi ambayo Atwater aliifanya kwa kumfungia mtu chumbani siku kadhaa.