Viazi Ndani ya Manda: Sambusa ya Krismasi Ilivyofika Nyololo

Jioni ya tarehe 24 Desemba, mvua ikiwa imeshika Nyololo na ukungu umeteremka hadi kwenye barabara kuu, nyumbani kwetu hakuna anayeuliza kesho tutakula nini. Sufuria ya viazi mviringo imeshatokota. Kesho kutakuwa na pilau na kuku, kama kwa majirani wote, lakini sikukuu yetu huanza na sambusa, na sambusa huanza na kile kinachotiwa ndani yake.

Mama huchemsha viazi na maganda yake, huvimenya vingali vya moto, kisha huvirudisha kwenye sufuria kavu juu ya moto mdogo ili maji yaliyobaki yakauke. Huviponda kwa mwiko, si sana. Lazima mla akutane na vipande. Pembeni hukaanga kitunguu maji na kitunguu swaumu, hutia binzari nyembamba na pilipili manga, halafu njegere na karoti iliyokatwa ndogo. Kima ikiwapo hutiwa kidogo. Giligilani hutiwa mwisho, moto ukishazimwa. Baada ya hapo kila kitu huachwa kipoe kabisa, na hapo ndipo wapishi wengi wenye haraka hukosea: ukifunga vya moto, mvuke hulowesha manda, na sambusa ikiingia kwenye mafuta hupasuka.

Miaka kadhaa iliyopita tulikuwa na mgeni kutoka pwani siku ya Krismasi. Alimega sambusa, akatazama ndani, akauliza kwa upole: "Mama, nyama imeisha?" Mama akamjibu, "Karibu mwanangu, hiyo ndiyo yetu." Mgeni akala, akashukuru. Lakini baadaye aliniambia kando kwamba kwao sambusa ya viazi ni ya kuuza barabarani, si ya kumwekea mgeni siku ya sikukuu. Maneno yale yaliniuma, na ndiyo yaliyonifanya nifuatilie historia ya chakula hiki.

Jina lenyewe lina asili ya Uajemi. Waarabu walikiita sanbusaj, na kitabu cha mapishi kilichoandikwa Baghdad mwaka 1226 na Muhammad bin al-Hasan al-Baghdadi kinaeleza namna ya kukitengeneza: nyama iliyokatwakatwa na kupikwa kwa viungo, mkate mwembamba unaokatwa vipande virefu, pembe tatu zinazogandishwa kwa unga uliolowekwa, kisha kukaangwa kwa mafuta ya ufuta. Ni karibu miaka 800 iliyopita, na mkunjo ni uleule anaoufanya dada yangu akiwa amekaa kwenye kigoda, na gundi ya ngano kwenye kikombe.

Cha ndani ndicho ambacho hakikutulia. Karne moja baadaye Ibn Battuta alikula sambusa huko Delhi, katika karamu za Sultani Muhammad bin Tughluq, akaandika kuwa ndani mlikuwa na nyama ya kusaga, lozi, jozi, pistachio, vitunguu na viungo. Msafiri huyohuyo alikuwa amepita pwani yetu mwaka 1331. Mogadishu alielezea wali wa samli, ndizi zilizopikwa kwa maziwa na achari ya ndimu, akaendelea hadi Mombasa na Kilwa. Sambusa hakuitaja huku. Ilikuja kuwa mali ya pwani kwa njia ya bahari, katika biashara ya karne nyingi na Waarabu na Wahindi, mpaka leo futari ya Unguja au Mombasa isiyo na sambusa ya kima huonekana pungufu.

Angalia sasa kilichokosekana katika karamu zote hizo: kiazi. Si Baghdad wala Delhi ya wakati ule iliyokijua, kwa sababu kilikuwa kingali kwenye milima ya Andes, Amerika ya Kusini. Wahispania ndio waliokivusha bahari katika karne ya 16. Kilipofika India, kilikuta watu wengi, hasa Wahindu, wasiokula nyama. Wao ndio waliokitia kwenye sambusa pamoja na njegere na binzari. Kwa hiyo sambusa ya viazi ilizaliwa kutokana na imani ya watu. Si sambusa iliyopungukiwa nyama.

Huku kwetu, Nyanda za Juu Kusini, kiazi kilifika kwa mlango mwingine. Wamisionari wa Berlin waliingia mwaka 1891 kutoka upande wa Ziwa Nyasa, na Wabenediktini wakafungua misheni ya Tosamaganga, karibu na Iringa, kabla karne ile haijaisha. Wazungu hao, wamisionari na walowezi, walileta mbegu za vyakula walivyovizoea, na kiazi kikakuta hapa baridi na udongo unaokifaa. Baada ya ngome ya Mkwawa kuanguka Kalenga mwaka 1894, Wajerumani walijenga kituo ulipo mji wa Iringa leo, na wafanyabiashara wenye asili ya India wakafuata na maduka yao, binzari yao na sambusa zao.

Ninavyoona mimi, hapo ndipo vitu viwili vilipokutana: kiazi kutoka misheni na mkunjo kutoka dukani. Kilichobaki ilikuwa barabara. Njia kuu ya kwenda Zambia ilipowekwa lami, na reli ya TAZARA ilipojengwa kati ya mwaka 1970 na 1975 ikipita Makambako, vituo vya njiani vilijaa wasafiri wenye njaa. Nyololo ni njia panda ya kwenda Igowole, Kibao na Mgololo. Gari likisimama hapa, beseni la sambusa huwa limeshafika dirishani. Wanawake waliojifunza kukunja kwa ajili ya biashara walirudi nyumbani na ufundi huo, wakaupeleka kwenye meza ya Krismasi.

Na viazi vyenyewe si vya kununuliwa tu. Vya Desemba vingi hutoka kwenye vinyungu, yaani bustani za mabondeni zinazolimwa wakati wa kiangazi, udongo wa juu ukiwa umekauka na wa bondeni ungali na unyevu. Kulima kinyungu ni kuinama miezi kadhaa ndani ya tope baridi. Mkulima huyohuyo akienda kuuza, hudaiwa lumbesa, gunia lililoshonewa kilemba juu, akalipwa bei ya gunia moja. Serikali imeikataza lumbesa mara nyingi na bado ipo. Nashindwa kukubali kwamba kitu kilichotoa jasho la namna hiyo kiitwe chakula cha kubahatisha, eti kwa sababu hakikuchinjwa.

Nyumba za Waislamu hapa kijijini hutuletea sahani siku ya Iddi, nasi huwapelekea ya kwetu Krismasi. Kwenye sahani zao huwa mna kima, kwenye zetu viazi, na sijaona sahani iliyorudi na kitu.

Mgeni wetu wa pwani hajarudi, na kama anasoma haya, mlango uko wazi. Nawe msomaji, ukipita Nyololo sikukuu hii ukakaribishwa sambusa, usiulize nyama iko wapi. Muulize mwenyeji viazi vimelimwa bonde gani, naye atakuambia.