Ndimu, majivu na chuma cha pua: kwa nini dawa ya bibi haifai kila chombo



Ndugu wasomaji, kila Idi inapokaribia, masinia, mabirika na visu vya wageni hutolewa kabatini, na vingi huonekana vimefifia. Hapo ushauri huanza. Bibi anasema majivu na mchanga, mama anasema ndimu, jirani anasema dawa ile ya klorini ya kufulia kanzu nyeupe. Kila mmoja ana sababu yake. Lakini ushauri mmoja kati ya hiyo unaweza kuharibu chombo, na ukichanganya miwili unaweza kumdhuru mtu. Ili tujue upi ni upi inabidi turudi nyuma, kwa sababu chuma alichokisugua bibi na kile kilichomo jikoni mwetu leo si kitu kimoja.

Tuanze na chuma cha pua cha zamani, yaani chuma kilichochanganyika na kaboni kidogo kikawa kigumu na chenye kushika makali. Ufundi huu haukuja kwetu kwa meli. Wahaya wa Kagera, jirani kabisa na mpaka wa Uganda, waliyeyusha chuma cha namna hiyo kati ya miaka 1,500 na 2,000 iliyopita. Mwaka 1978 watafiti Peter Schmidt na Donald Avery walieleza katika jarida la Science jinsi mafundi hao walivyoingiza mirija ya udongo ndani ya tanuri, hewa ya mivukuto ikapata moto kabla ya kufika kwenye makaa, na joto likapanda sana. Watoto wetu wanaosoma sayansi wangefundishwa jambo hili mapema zaidi!

Upande wa Waislamu, mwanachuoni al-Kindi wa Baghdad alimwandikia Khalifa al-Mu'tasim, aliyetawala kuanzia 833 hadi 842, risala nzima kuhusu aina za panga za vita. Alitofautisha chuma kitokacho moja kwa moja machimboni na kile kinachotengenezwa na fundi, na akaeleza jinsi ya kuutambua upanga kwa michirizi ya uso wake. Yaani uso wa chuma, jinsi unavyong'aa na unavyoonekana, ulikuwa ndio cheti cha ubora wake. Uso ukishikwa na kutu, cheti kimefutika.

Na kutu ndiyo ilikuwa shida ya watu wote. Chuma kikikutana na maji na hewa hurudi kuwa kama udongo mwekundu ule uliotolewa mgodini. Kila nchi ilitafuta dawa kwa kilichokuwepo karibu. Majivu ya kuni yana chumvi ya potasi ambayo ikikutana na mafuta hugeuka kitu mfano wa sabuni, na chembe zake husugua. Hata neno "alkali" la wanakemia limetoka kwenye Kiarabu, al-qali, yaani majivu ya mimea fulani, na ndiyo yaliyochanganywa na mafuta ya zeituni kutengeneza sabuni za Halab na Nablus. Kule Uingereza katika karne ya 19, watumishi wa nyumbani walisugua visu kwa unga wa tofali laini lililotengenezwa kwa tope la mto mjini Bridgwater. Kazi ya kila siku hiyo, kisu kikitumika tu lazima kisuguliwe.

Ndimu nayo ina asidi inayoyeyusha kutu. Mkemia wa Sweden, Carl Scheele, aliitenga asidi hiyo kutoka kwenye juisi ya limau mwaka 1784, ingawa wapishi walikuwa wakiitumia zamani bila kujua jina lake. Shida ni kwamba ndimu haitosheki na kutu. Ukiiacha juu ya pua ya zamani inaanza kula chuma chenyewe na kukitia weusi. Ndiyo maana matajiri wa Ulaya walikula samaki na matunda kwa visu vya fedha.

Mambo yalibadilika mwaka 1913. Harry Brearley, mtoto wa mfanyakazi wa viwanda vya chuma wa Sheffield, alitakiwa kutafuta chuma cha mitutu ya bunduki kisicholika upesi. Mwezi Agosti mwaka huo aliyeyusha chuma chenye kromiamu kiasi cha asilimia 12.8. Alipotaka kukichunguza kwa asidi, kikakataa kuliwa. Akakijaribu kwa siki na kwa limau, kikabaki vilevile. Wajerumani wa kampuni ya Krupp walikuwa wamefika karibu na hapo mwaka 1912 kwa kuongeza nikeli, na masinia na sufuria nyingi za leo zinafuata mchanganyiko wa namna hiyo.

Siri yake ni hii. Kromiamu ikikutana na hewa hujenga utando mwembamba sana usioonekana kwa macho, na utando ukikwaruzwa hujifunga tena wenyewe. Hivyo chombo cha namna hii kikififia, mara nyingi hakijaoza. Kimefunikwa na chokaa ya maji, mafuta yaliyoungua, au rangi za upinde zinazoletwa na moto mkali. Hapa ndimu na siki zinafaa sana. Chemsha maji na siki kidogo ndani ya birika lenye chokaa, liache lipoe, suuza. Sinia lipanguse kwa kitambaa chenye ndimu kufuata mistari ya chuma, suuza, kisha likaushe palepale, maana matone yakikaukia juu yake huacha madoa yaleyale. Mafuta yaliyoungua yawekee magadi na maji ya moto usiku kucha. (Sufuria za alumini msizifanyie hivyo, magadi huzila na kuzitia weusi.)

Mchanga sasa uwekeni kando, unakwaruza bure. Stilwaya nayo huacha vipande vidogo vya chuma cha kawaida, vinashika kutu, halafu mnalaumu sinia.

Dawa ya klorini ndiyo mbaya kuliko zote. Inatoboa ule utando na kuacha vishimo. Na ikichanganywa na ndimu au siki hutoa gesi ya klorini, ileile iliyotumiwa kama silaha huko Ypres, Ubelgiji, tarehe 22 Aprili 1915. Jikoni ni padogo na watoto wako karibu. Kamwe msivichanganye.

Kuna chombo kimoja nyumbani ambacho mara nyingi bado ni pua ya zamani, nacho ni kisu cha kuchinjia, kwa kuwa hushika makali vizuri. Kikipata kutu, kilazeni katika siki kwa saa chache, kisugueni kwa majivu, kiosheni kwa sabuni, kikausheni kabisa na kukipaka mafuta ya kupikia kabla ya kukifunga kwenye kitambaa hadi Idi ijayo.