Mgombea binafsi na imani iliyopungua kwa Mahakama ya Rufani

Mwananchi wa Bariadi aliyeshindwa Mahakama Kuu na asiyekubali yaishe hupanda basi, akapita Maswa na Mwigumbi hadi Shinyanga, kufuata vikao vya Mahakama ya Rufani. Mahakama hiyo ilianzishwa mwaka 1979, baada ya Jumuiya ya Afrika Mashariki kuvunjika na mahakama ya rufani ya pamoja kwenda nayo. Kwa kesi za mashamba na mauaji sina ugomvi nayo. Shida huanza kesi inapogusa madaraka.

John Cheyo wa chama cha UDP, aliyekuja kuwa mbunge wa Bariadi Mashariki, aligombea urais 1995 na 2000, akashindwa. Hata kama angetaka kupinga matokeo, asingekuwa na pa kwenda: Ibara ya 41(7) ya Katiba inazuia mahakama yoyote kuchunguza kuchaguliwa kwa Rais aliyekwisha kutangazwa na Tume ya Uchaguzi. Lakini Kenya, Septemba 2017, Mahakama ya Juu ilifuta uchaguzi wa Rais aliye madarakani.

Kesi iliyoacha doa zaidi ni ya Mchungaji Christopher Mtikila. Oktoba 1994, Jaji Kahwa Lugakingira wa Mahakama Kuu Dodoma aliamua kwamba raia ana haki ya kugombea bila chama. Wino haujakauka, Bunge likapitisha Marekebisho ya 11 ya Katiba yaliyoletwa na Serikali, na mlango ukafungwa. Mwanasheria Mkuu wakati huo alikuwa Andrew Chenge, baadaye mbunge wa Bariadi Magharibi. Mtikila akarudi mahakamani, akashinda tena mwaka 2006. Serikali ikakata rufaa, Namba 45 ya 2009. Juni 2010 majaji saba, wakiongozwa na Jaji Mkuu Augustino Ramadhani, walisema suala hilo ni la kisiasa, liamuliwe na Bunge. Yaani walimrudisha Mtikila kwa walewale waliomfungia.

Mwaka 2013 Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, Arusha, ilimpa ushindi. Jaji Ramadhani, wakati huo mmoja wa majaji wake, hakuketi kwenye shauri hilo, kama kanuni inavyotaka kwa jaji wa nchi inayoshitakiwa. Lakini 2015, akiwa Rais wa mahakama hiyo, alichukua fomu ya kuwania urais kupitia CCM. Hakuna aliyethibitisha kwamba siasa ziligusa hukumu ya 2010, na mimi sisemi hivyo. Ila aliyeshindwa kesi akimwona jaji wake kwenye foleni ya wagombea wa chama tawala, utamwambia nini?

Wala si yeye peke yake. Damian Lubuva alikuwa Mwanasheria Mkuu, kisha Jaji wa Rufani, kisha Mwenyekiti wa Tume ya Uchaguzi. George Masaju, Mwanasheria Mkuu hadi 2018, aliteuliwa Jaji Mkuu Juni 2025. Sheria haikuvunjwa, na mteuzi ni Rais.

Novemba 2019 Tanzania iliondoa tamko lililowaruhusu raia wake kwenda kwenye mahakama hiyo ya Arusha moja kwa moja. Hukumu ya 2013 haijatekelezwa: uchaguzi wa Oktoba 2025 ulifanyika bila mgombea binafsi hata mmoja, Bariadi wala kwingineko.